Tamthilia imeondolewa kabla hatujaimaliza, na tulichopakua kimekataa kufunguka

*"Naishi Kiamunyi, Nakuru, pamoja na mume wangu na watoto wawili. Tunalipia huduma ya filamu mtandaoni, kifurushi cha bei ya chini. Nilimpakulia mama tamthilia kwenye kishikwambi, nikampelekea Vihiga kwa sababu kwake hakuna Wi-Fi na bando linakula pesa. Alikuwa amebakisha sehemu sita. Tarehe moja asubuhi akanipigia akasema kila akigusa, inakataa. Nikaitafuta kwenye simu yangu, nikakuta haipo kabisa. Dada yangu aliye Marekani bado anaiona. Katuni ya kitinda mimba wangu pia ilipotea hivyo hivyo mwezi wa nne. Je, wanatuondolea kwa sababu tunalipa kidogo? Kijana mmoja wa hapa mtaani ananiambia niweke VPN, eti programu inayoficha uko nchi gani. Na kitu nilichopakua mwenyewe, kwani si changu? Nishauri kama niendelee kulipa au niache."*

Hapana, dadangu, hamkuondolewa tamthilia kwa sababu ya kifurushi. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo linaloonekana kukukera zaidi, na ni dhana niliyoiona kwa watu wengi. Hukutaja huduma mnayolipia, kwa hiyo nitatumia Netflix kama mfano, maana taratibu zake ziko wazi na nyingine nyingi hufuata mtindo huo huo. Vifurushi vyake hapa kwetu vinatofautiana kwa ubora wa picha, idadi ya vifaa vinavyoweza kutazama kwa wakati mmoja, na idadi ya vifaa vinavyoruhusiwa kupakua. Kile cha simu hakifunguki kwenye televisheni. Lakini orodha ya filamu ni ile ile. Jirani yako anayelipia kifurushi cha juu kabisa aliipoteza tamthilia hiyo saa ile ile mliyoipoteza ninyi. Katika baadhi ya nchi kuna vifurushi vya bei nafuu vyenye matangazo ambavyo hukosa filamu kadhaa, na huenda habari hizo ndizo zilizosambaa hadi huku zikazua wasiwasi.

Kilichotokea ni kwamba mkataba wa kuionyesha tamthilia hiyo Kenya umefika mwisho. Huduma hizi huwa na filamu za aina mbili: zile ilizozigharimia yenyewe, na zile ilizozikodi kutoka kwa wenyewe, yaani studio na watayarishaji wa Marekani, Korea, Nigeria, Afrika Kusini na kwingineko. Hizi za kukodi ndizo zinazoingia na kutoka kila mwezi. Chukua mkulima aliyekodi ekari tatu kule Molo ili apande viazi. Amelipia misimu miwili. Misimu hiyo ikiisha, mwenye shamba anaweza kumwongezea muda, anaweza kupandisha kodi, anaweza kumpa mwingine aliyekuja na hela nyingi zaidi, au akaamua mwaka huu atalima mwenyewe. Aliyezoea kununua viazi vya mkulima huyo hana mkataba wowote na mwenye shamba, na hakuna anayemuuliza maoni yake. Ninyi watazamaji mko katika nafasi ya mnunuzi huyo.

Mkataba wa filamu huandikwa kwa undani kuliko watu wanavyodhani. Hutaja nchi au eneo ambalo filamu inaruhusiwa kuonyeshwa, siku ya kuanza na siku ya kumaliza, kama huduma hiyo ina haki peke yake au inagawana na wengine, lugha zinazoruhusiwa katika sauti na maandishi, na kama mtazamaji anaruhusiwa kupakua. Hicho cha mwisho ndicho kinachoeleza kwa nini filamu nyingine hazina alama ya kupakua hata kidogo: simu yako haina kasoro, ni haki hiyo ambayo haikununuliwa. Katika tamthilia ndefu, msimu wa kwanza na wa tatu vinaweza kuwa na tarehe tofauti. Ndiyo maana wakati mwingine unakuta msimu wa pili uko na wa kwanza hauko, jambo linaloudhi kweli kweli.

Malipo ya haki hizo kwa kawaida ni kiasi kilichokubaliwa mapema kwa muda wote, bila kujali watu wangapi wametazama. Kwa hiyo muda unapokaribia kwisha, huduma hujiuliza maswali ya biashara tu. Ni watu wangapi walioanza kuitazama, na wangapi walifika mwisho? Je, bado inaleta wateja, au waliotaka kuiona wameshaiona? Na mwenyewe anataka kiasi gani sasa? Tamthilia inayopendwa sana inaweza kuondoka kwa sababu hiyo hiyo ya kupendwa, kwa kuwa mwenyewe amepandisha bei au ameamua kuiweka kwenye huduma yake. Kwa hiyo kuondoka hakuna maana kwamba kitu kilikuwa kibaya. Na vitu vingine hurudi baada ya miezi kadhaa, mkataba mpya ukitiwa saini.

Mbona tarehe moja? Mikataba mingi huhesabiwa kwa miezi ya kalenda, hivyo mingi huisha siku ya mwisho ya mwezi, na mpya huanza siku inayofuata. Hata hivyo usidhani kwamba ukishapita tarehe moja umesalimika hadi mwezi ujao. Kuna mikataba inayoisha tarehe 9, 14 au 22, kutegemea siku ilipoanza.

Sasa dada yako wa Marekani. Yeye anatazama orodha ya Marekani, wewe unatazama ya Kenya, na hizo ni bidhaa mbili chini ya jina moja. Huduma hutambua uko wapi kupitia anwani ya intaneti unayotumia, kisha inakuonyesha kile ilichonacho haki ya kuonyesha mahali hapo. Haki za Afrika kusini mwa Sahara mara nyingi huuzwa kwa pamoja kama fungu moja, na kampuni za televisheni ya kulipia za bara hili zimekuwa zikizinunua kwa miaka mingi. Filamu inaweza kuwa wazi Marekani huku kwetu ikiwa imefungwa kwa kuwa aliyenunua haki za eneo hili ni mwingine. Mambo huenda kinyume pia. Tamthilia ya vichekesho ya Friends iliondoka Netflix ya Marekani mwisho wa 2019, kwa sababu WarnerMedia waliokuwa wakiimiliki walitaka kuiweka kwenye huduma yao mpya ya HBO Max, iliyofunguliwa Mei 2020. Miezi hiyo ya katikati, Wamarekani hawakuipata kwenye Netflix wala kwenye huduma hiyo mpya, ilhali nchi nyingine nyingi ziliendelea kuitazama kama kawaida.

Hapo ndipo watu wengi wanapopotezwa na orodha za "zinazoondoka mwezi huu" zinazosambazwa WhatsApp na Facebook. Karibu zote hunakiliwa kutoka kurasa za Marekani. Filamu iliyoandikwa humo kuwa inaondoka inaweza kubaki hapa mwaka mzima, na inayoondoka hapa isitajwe kabisa. Usipange mwezi wako kwa orodha hizo.

Kuna dhana nyingine inayostahili kusahihishwa, kwamba kitu chenye nembo ya huduma juu yake hakiwezi kuondoka. Nembo hiyo mara nyingine humaanisha tu kwamba wao ndio wenye haki ya kukionyesha kwanza au peke yao. Tamthilia za Daredevil na Jessica Jones zilibandikwa jina la Netflix tangu mwanzo, lakini ziliondolewa Machi 1, 2022 kwa sababu haki zilirudi kwa Disney. Kazi ambazo huduma inazimiliki kabisa ndizo zenye uhakika wa kukaa, na mtazamaji wa nje hawezi kuzitofautisha kwa kuangalia nembo.

Nije kwenye kishikwambi cha mama, maana hapa ndipo kuna mengi yanayoweza kusaidia.

Unapopakua, vitu viwili huingia kwenye kifaa. Cha kwanza ni faili lenyewe la video, lililofungwa kwa msimbo ili lisifunguke nje ya programu. Cha pili ni leseni ndogo, ufunguo wa kufungulia faili hilo, na leseni hiyo ina muda wake. Kishikwambi cha mama hakikuhitaji intaneti ili kijue kwamba muda umekwisha, kwa sababu tarehe ilikuwa tayari ndani ya leseni. Faili linaweza kuwa bado limejaza nafasi kwenye kifaa huku likikataa kucheza. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba ulichopakua hakikuwa chako. Ulipewa ruhusa ya kukitazama bila intaneti kwa muda fulani, na ruhusa hiyo haiwezi kuishi kuliko mkataba wa filamu yenyewe.

Muda huo nao haufanani. Baadhi ya vipindi hukaa siku saba tangu vilipopakuliwa, vingine hadi siku 30. Vingine hukaa vizuri mpaka mtu aviguse: ukishabonyeza kucheza kwa mara ya kwanza, saa 48 zinaanza kuhesabiwa. Hili huwaponza wengi wanaowapakulia wazazi. Mtu anapakua sehemu kumi, kisha kwa nia njema anafungua kila moja sekunde chache kuhakikisha inafanya kazi. Kama vipindi hivyo ni vya masharti hayo, ameshaziwasha saa zote kumi. Mzazi akifika sehemu ya tatu, zilizobaki zimekwisha muda. Ukitaka kujaribu, jaribu moja tu.

Fungua ukurasa wa vilivyopakuliwa kabla hujasafiri. Kipindi kilichobakisha chini ya siku saba huandikiwa muda uliobaki chini ya jina lake. Kilichokwisha muda huonyesha alama ya onyo, na ukikigusa kifaa kikiwa na intaneti unaweza kuomba upya. Mara nyingi kinachoshushwa ni leseni tu, wala si video nzima, kwa hiyo mama anaweza kuunganishwa na hotspot ya simu ya jirani kwa dakika chache akaendelea, bila kula bando la maana. Lakini hilo linawezekana tu kama kitu bado kimo kwenye orodha ya Kenya na akaunti imelipiwa. Baadhi ya filamu pia zina kikomo cha mara ngapi zinaweza kupakuliwa kwa mwaka, na programu hukuonya unapokaribia kikomo hicho. Kurudisha nyuma tarehe ya kifaa, kama vijana wanavyoshauri, hakufufui leseni, na kunaweza kuikwamisha programu nzima.

Mambo mawili zaidi kuhusu kupakua. Ukitoka kwenye akaunti katika kifaa hicho, kila kilichopakuliwa hufutika. Usimwache mpwa mwenye udadisi aondoe akaunti ya mama "kuingiza yake kidogo". Na angalia kifurushi: cha msingi huruhusu kupakua kwenye kifaa kimoja, cha kawaida viwili, cha juu sita. Ukishapakua kwenye kishikwambi cha Vihiga na kifurushi chako ni cha kifaa kimoja, simu yako itakataa kupakua mpaka uondoe kimojawapo. Mama akitaka kutazama kwenye televisheni yake kwa akaunti yako, huenda akaambiwa televisheni hiyo si ya nyumba yenu, kwa sababu tangu 2023 Netflix hufuatilia akaunti kwa nyumba moja. Kishikwambi kinachorudi Kiamunyi mara kwa mara na kufunguliwa kwenye Wi-Fi yenu hakina shida hiyo sana.

Kujua tarehe mapema ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri, tatizo ni kwamba tangazo haliji kukutafuta. Fungua ukurasa wa tamthilia yenyewe, pale penye maelezo na majina ya waigizaji. Ikiwa imebakiza takriban mwezi, utakuta imeandikwa siku ya mwisho ya kuitazama. Ikiandikwa Juni 30, siku hiyo yote ni yenu, ila ikianza Julai 1 haipo. Kwa hiyo weka vipindi mnavyotazama kwenye orodha yako ndani ya programu, na kila wiki ya mwisho ya mwezi fungua kurasa zake moja baada ya nyingine. Kwa familia yenye vipindi sita au saba, hiyo ni kazi ya dakika tano. Fanya hivyo hasa kabla ya kumwanzishia mama tamthilia mpya: sehemu 16 za saa moja moja hazimaliziki kwa siku kumi kwa mtu anayetazama jioni tu, baada ya ng'ombe kukamuliwa.

Ukigundua imebakia siku chache, piga hesabu ya bando. Sehemu sita za dakika 50 ni saa tano. Kwenye simu, mpangilio wa kuokoa data hutumia takriban GB 1 kwa saa sita, hivyo zote sita zinaingia ndani ya GB 1. Kwenye televisheni kwa ubora wa kawaida ni kama GB 0.7 kwa saa, jumla GB 3.5. Kwa picha kali ya HD inaweza kufika GB 3 kwa saa, na hapo saa zile zile tano zinakula GB 15. Tofauti hiyo haionekani kwenye kioo kidogo cha kishikwambi, kwa hiyo mpakulie mama kwa ubora wa kawaida. Wi-Fi yenyewe ikiwa na kasi ya Mbps 3 hivi inatosha kwa HD ya chini, na Mbps 5 kwa HD kamili.

Vinavyoingia navyo vina saa zake. Kazi mpya zinazotolewa dunia nzima na Netflix hufunguliwa saa sita usiku kwa saa za California, ambayo kwetu ni saa nne asubuhi kuanzia Machi hadi mwanzo wa Novemba, na saa tano asubuhi miezi mingine. Za kukodi kwa kawaida huanza saa sita usiku wa hapa. Kwa hiyo anayeamka alfajiri tarehe ya uzinduzi na kukosa kitu, asubiri hadi katikati ya asubuhi kabla hajalalamika.

Kabla ya kukubali kwamba kitu kimeondoka, hasa hiyo katuni, hakikisha kwanza. Ukurasa wa mwanzo hupangwa upya kila mara kulingana na mnachotazama, na kitu kinaweza kushuka chini usikione ingawa kimo. Kiandike kwa jina kamili kwenye sehemu ya kutafuta. Kisha kitafute ukiwa kwenye profaili ya mtu mzima, kwa kuwa profaili ya watoto huficha chochote kilichozidi umri uliowekwa, na mara nyingine mtu hubadilisha umri huo bila kujua. Ukikiona kwa mtu mzima na hukioni kwa mtoto, shida ni mpangilio, na unarekebishwa kwenye akaunti. Usipokiona kote, mkataba umekwisha.

VPN. Kijana wa mtaani hakudanganyi kwamba inaweza kukufanya uonekane uko Marekani, lakini hakukwambia yote. Netflix ikigundua VPN hukuonyesha zile tu ilizo na haki zake dunia nzima, na tamthilia yenu ya kukodi ndiyo ya kwanza kukosekana humo. VPN za bure hupunguza kasi, na nyingi hujilipa kwa kuuza taarifa za shughuli zako, kwenye simu ile ile yenye M-Pesa. Za kulipia zinakuongezea gharama ya kila mwezi juu ya ile unayolalamikia, na zinakiuka masharti uliyokubali. Mimi nisingetumia pesa hapo. Kwa wanaoishi Busia au Malaba kuna jambo la kufanana na hili: ukivuka ukaweka laini ya Uganda au ukaingia Wi-Fi ya huko, orodha hugeuka kuwa ya Uganda, na baadhi ya ulivyopakua Kenya vinaweza kukataa hadi urudi. Ukivuka na laini yako ya Kenya ikiwa kwenye roaming, kwa kawaida data hupitia nyumbani, hivyo orodha hubaki ya Kenya, ila bei ya data ndiyo itakayokuumiza.

Ili kujua tamthilia ya mama imehamia wapi, ingia tovuti ya JustWatch, chagua Kenya kama nchi, andika jina. Itakuonyesha huduma zilizo nayo hapa, kama zipo. Inaweza kuchelewa siku chache kusasishwa, kwa hiyo hakikisha ndani ya huduma yenyewe kabla hujalipa. Matokeo matatu yanawezekana. Imehamia huduma nyingine iliyopo Kenya: lipia mwezi mmoja tu, mmalizie sehemu sita, usitishe. Inapatikana kwa kununua au kukodi kidijitali: linganisha bei, na ukumbuke kwamba hata "kununua" kwa kidijitali ni leseni inayotegemea duka hilo kuendelea kuwa na haki. Au haipo popote kwa sasa: hapo ni kusubiri irudi, na ni afadhali mama aambiwe hivyo waziwazi.

Kitu mnachokipenda kwa moyo, kile ambacho watoto wanakirudia kila wikendi, kitafuteni kwenye diski. Diski haiondolewi na mtu. Lakini mkimwomba dada yenu atume DVD kutoka Marekani, mwambieni aangalie namba ya eneo nyuma ya jalada. DVD za Marekani ni eneo 1, Kenya iko eneo 5, na deki ya kawaida ya hapa inaweza kuikataa. Atafute iliyoandikwa 0 au "ALL", au ninyi mnunue deki inayocheza maeneo yote. Kwa diski za Blu-ray, eneo la Marekani ni A na la Afrika ni B.

Najua pia kuna maduka mjini yanayojaza filamu kwenye flash kwa bei ya soda. Sitakuficha kwamba wengi ndiko wanakokimbilia tamthilia ikiondolewa. Ni uharamia, na Bodi ya Hakimiliki ina mamlaka ya kuwakamata wanaouza. Mbali na sheria, flash hizo huhama kutoka kompyuta moja hadi nyingine zikibeba virusi, na mtunzi wa Kenya ambaye kazi yake imo humo hapati hata shilingi. Vituo vyetu vya televisheni na watayarishaji wengi wa hapa huweka vipindi vyao kamili YouTube kwenye chaneli zao rasmi, bure na kihalali. Kwa mama anayependa tamthilia za Kiswahili, hilo ni chaguo zuri, na ikitokea Wi-Fi mjini mnaweza kutazama kadhaa pamoja naye anapowatembelea.

Uendelee kulipa au uache? Ushauri wangu ni uache kulipa kwa mazoea. Huduma hizi hazina mkataba wa mwaka. Ukisitisha leo, unaendelea kutazama hadi siku uliyolipia iishe, na ukirudi baada ya muda mfupi unakuta profaili na orodha zako. Lipia mwezi ambao kuna kitu mnachokitaka na mna muda wa kukimaliza, kwa mfano likizo za Aprili, Agosti na Desemba watoto wakiwa nyumbani. Miezi ya shule inapobana, sitisha. Kumbuka tu kwamba ukisitisha, muda ukiisha vilivyopakuliwa kwa mama navyo havitafunguka. Kama mama ndiye mtazamaji mkuu na anatazama kila jioni, basi kulipa mfululizo kuna maana, ilimradi unaangalia tarehe za mwisho. Ikiwa mnafungua mara mbili kwa mwezi, mnalipia kitu msichokitumia.

Tarehe za mikataba hakuna fundi wala ofisi inayoweza kuzibadilisha, kwa hiyo usimlipe mtu anayedai ataurudisha msimu ulioondoka. Kuna mambo mengine, hata hivyo, yanayohitaji uende ana kwa ana. Ukikatwa pesa mara mbili au baada ya kusitisha, chapisha taarifa ya malipo na uende benki yako, au duka la mtandao wako wa simu kama ulilipa kwa kadi ya M-Pesa, pale Kenyatta Avenue au popote lilipo karibu. Nenda mapema, usingoje mwezi wa pili ukatwe. Ukiona profaili usiyoijua au vipindi ambavyo hakuna aliyevitazama, badilisha nenosiri na uondoe vifaa vyote kwanza, kisha utafute msaada. Kasi ya Wi-Fi ikipimwa karibu na televisheni na kuwa chini ya Mbps 3 wakati mnalipia zaidi, mwite fundi wa kampuni ya intaneti aje aipime nyumbani. Televisheni ya miaka mingi ambayo programu imekataa kusasishwa inaweza kuokolewa na kisanduku kidogo cha kuchomeka, na muuzaji mzuri atakubali ukijaribu dukani kabla ya kulipa.

Huduma zenyewe hukupa msaada ndani ya programu au kwenye tovuti yake, kwa mazungumzo ya maandishi au simu. Namba utakayoikuta chini ya maoni ya Facebook ikijiita wakala wa Nakuru au Kisumu, ikikuomba PIN ya M-Pesa au msimbo ulioingia kwenye simu yako, ni ya tapeli. Usimjibu, na kama uko Safaricom, ripoti namba hiyo kwa 333.